Duara likifungwa Mpanda, mawe huhamia uani

Reli ya Kati ikifika Kaliua, mkoani Tabora, hugawanyika. Njia kubwa huendelea kwenda Kigoma, na tawi lake hushuka kusini kupitia misitu ya miombo kwa zaidi ya kilomita 200 hadi Mpanda. Hapo ndipo reli inapoishia. Abiria anayeshuka kwa mara ya kwanza anaweza kujiuliza ni nani aliyeona haja ya kutandika reli ndefu kiasi hicho kuelekea mji uliozungukwa na pori. Jibu lake lipo chini ya ardhi.

Reli hiyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na kukamilika mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi yaliyokuwa yakichimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, miaka kumi tu baada ya treni kufika. Mji haukufa. Treni iliendelea kuja, watu waliendelea kulima na kufanya biashara, na wengine waliendelea kutafuta madini kwa sururu na karai.

Leo Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ikakuta 1,152,958. Ni zaidi ya maradufu ndani ya miaka kumi. Wapo waliokuja na mifugo, waliofuata mashamba ya mahindi, mpunga na tumbaku, na wapo waliofuata dhahabu. Katika Halmashauri ya Nsimbo ipo hata kata inayoitwa Machimboni. Ibindi na Magamba nayo ni majina ambayo mchimbaji wa Geita au Chunya huyasikia mapema, kwa sababu habari za dhahabu husafiri haraka kuliko treni.

Simulizi za machimbo huwa za wanaume: aliyepata, aliyekosa, aliyefukiwa. Lakini duara, yaani shimo la kuchimbia, huwa na familia nyuma yake. Likisimamishwa, pigo la kwanza hutua kwenye sufuria ya nyumbani, kisha kwenye daftari la mtoto, kisha kwenye kadi ya kliniki. Na wakati mwingine hutua mahali ambapo wazazi wengi hawapatazami: uani, pale mtoto mdogo anapocheza.

Shilingi moja, mikono mingi

Chukua kaya ya mfano ya watu saba katika kijiji chochote kilicho karibu na machimbo. Baba hushuka duarani kwa zamu. Hana leseni na wala hana duara lake. Leseni ni ya mtu mmoja, duara ni la mwingine, na yeye hulipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe, kama mawe yenyewe yana kitu. Mama huponda mawe kwa nyundo, au huuza chai na vitumbua asubuhi na ugali mchana. Bibi hubaki na mdogo wa mwaka mmoja na nusu. Watoto watatu wako shule.

Fedha inayotoka hapo haiji kama mshahara. Wiki mbili zinaweza kupita bila kitu, kisha ikaja kwa mkupuo. Ikija, hulipa deni la dukani, hununua unga, dagaa na sabuni, huchangia chakula cha shule na kumalizia bati lililobaki. Ada ya shule ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016, lakini sare, viatu, madaftari na michango ya chakula bado viko juu ya mzazi.

Kaya hiyo pia ina shamba. Ni jambo la kukumbukwa, kwa sababu mjini watu hudhani mchimbaji na mkulima ni watu wawili tofauti. Katavi mara nyingi ni mtu yule yule. Fedha ya duara hununua mbegu na mbolea, na mahindi ya shamba humlisha anaposhuka duarani. Ukikata upande mmoja, upande wa pili hupungua pia.

Makatazo na sababu zake

Makatazo yanayomgusa mchimbaji mdogo ni mengi, na mengi yana sababu nzuri.

La kwanza ni leseni. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Watanzania tu na hudumu miaka saba. Kwa dhahabu, eneo lake haliwezi kuzidi hekta kumi. Kuchimba bila leseni ni kosa. Madini si mali ya mwenye shamba hata kama shamba alirithi kwa babu yake. Ni mali ya taifa, naye ana haki ya kulipwa fidia ya ardhi na mazao.

La pili ni hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, ipo kusini mwa Mpanda, na barabara ya kwenda Sumbawanga hupita ndani yake. Uchimbaji haukubaliki humo. Misitu ya hifadhi nayo ina masharti yake, na mchimbaji anayekata miti ya kuzuia kuta za duara bila kibali huingia kwenye kesi ya pili.

La tatu ni maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Anayetaka kujua kwa nini asimame kwenye daraja la Sitalike wakati wa kiangazi. Chini yake viboko hulala wamebanana kwenye kina kidogo cha mto Katuma kilichobaki. Maji ya mto huo hutegemewa na wakulima wa mpunga kabla ya kufika kwa viboko. Tope la kuoshea mawe likiingia humo halibaki machimboni.

La nne ni usalama. Mkaguzi wa migodi anaweza kusimamisha duara linalotishia kuanguka hadi lirekebishwe. Katika msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, udongo huloa na maji hujaa mashimoni. Kusimamisha kazi wakati huo huokoa maisha.

La tano ni watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja uchimbaji miongoni mwa kazi za hatari ambazo aliye chini ya miaka 18 hapaswi kuajiriwa kuzifanya.

La sita ni zebaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba huo unazitaka nchi kupunguza zebaki kwenye uchimbaji mdogo na kukomesha matumizi yaliyo mabaya zaidi, likiwamo la kuichoma kwenye makazi ya watu.

Hakuna mzazi mwenye akili timamu anayeweza kuyapinga haya kwa jumla. Shida huanza pale katazo linapofika kijijini kama tangazo la siku moja: kesho hakuna kazi. Tangazo hulifunga duara, lakini deni la dukani halifungwi.

Januari ya kaya moja

Mwezi ambao haya yote hukutana ni Januari. Mvua imeshika, maduara mengi yana maji, na kazi imesimama kwa amri au kwa hofu tu. Shambani mahindi yanataka palizi na mbolea, lakini bado hayajafikia hata kuchomwa. Ghala la mavuno ya mwaka jana linakaribia sakafu. Na shule zinafunguliwa.

Kaya ya mfano huanza kwa kupunguza. Dagaa wa ziwa Tanganyika hupungua kwanza, kisha maharage. Milo mitatu huwa miwili. Ugali haupungui sana, kwa hiyo tumbo hujaa na wazazi huona wamevuka salama. Lakini mtoto wa umri wa kati ya miezi sita na miaka miwili hakui kwa ugali mtupu. Uji wake ukikosa karanga, maziwa, yai au samaki kwa miezi mitatu, urefu wake husimama kidogo, na upungufu wa umri huo ni mgumu kufidiwa baadaye. Haonekani mgonjwa. Anaonekana mdogo tu.

Kisha huja safari. Baba husikia kuna rashi mahali pengine, pengine wilaya jirani, pengine mkoa mwingine, na huondoka na simu na begi dogo. Mama hubaki na shamba, watoto na deni. Mkubwa wa kike, aliye darasa la saba au kidato cha kwanza, huanza kukosa shule siku za gulio ili auze badala ya mama.

Hapo ndipo Katavi inapaswa kujihadhari kuliko mikoa mingi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na watoto wa 2015–16 ulikuta wasichana 45 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 mkoani humo walikuwa wamezaa au ni wajawazito. Kitaifa walikuwa 27, na hakuna mkoa uliozidi Katavi. Sababu ni nyingi, na machimbo hayawezi kubebeshwa lawama yote. Lakini binti aliyetolewa darasani kwenda kuuza vitumbua kwa wanaume wenye fedha za ghafla yuko kwenye hatari ambayo mzazi anaijua bila kusoma takwimu. Kwa aliyekwisha kujifungua, mlango haujafungwa: tangu mwishoni mwa 2021 Serikali imeruhusu wasichana hao kurudi shule.

Kazi haifi, inahamia nyumbani

Duara likisimama, mawe yaliyokwisha kutolewa hayasimami. Mifuko iliyobaki, kifusi cha zamani na marudio, yaani mabaki yaliyokwisha kuoshwa, bado yanaweza kuwa na dhahabu kidogo. Kwenye eneo lenye leseni hakuna ruhusa ya kufanya kazi. Basi mfuko hubebwa kwa baiskeli jioni, hushushwa nyuma ya nyumba, na nyundo huanza kulia uani.

Mama anapoponda, vumbi huruka. Hutua kwenye kanga yake, kwenye ndoo ya maji isiyo na mfuniko, kwenye vyombo vilivyoanikwa kichanjani na kwenye mikono ya yule wa mwaka mmoja na nusu, ambaye kila anachokishika hukipeleka mdomoni.

Kaskazini mwa Nigeria, katika jimbo la Zamfara, dunia ilijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2010 madaktari walianza kuona watoto wadogo wakipata degedege na kufa. Chanzo hakikuwa malaria. Mawe ya dhahabu ya eneo hilo yalikuwa na risasi nyingi, na yalikuwa yakipondwa na kusagwa ndani ya nyua za makazi, mengine kwa mashine za kusagia nafaka. Watoto zaidi ya 400 walipoteza maisha. Wengi walikuwa chini ya miaka mitano, umri ambao mtoto hutambaa, hukaa chini na kulamba vidole.

Hilo halimaanishi kwamba mawe ya Katavi yako sawa na ya Zamfara. Kiasi cha risasi hutofautiana kutoka mwamba hadi mwamba, na hupimwa maabara, si kwa macho. Lakini mkazi wa Mpanda ana sababu ya kuwa makini kuliko wengine: reli inayofika mjini kwake ililetwa na risasi ya miamba ya eneo hilo hilo. Dhahabu, shaba na risasi si wageni kwa kila mmoja katika mawe ya Mpanda. Vumbi la jiwe lisilopimwa si la kuchezewa na mtoto.

Na hata pasipokuwa na risasi, vumbi lenyewe lina madhara. Vumbi la mwamba wenye silika huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyakakamaza polepole. Mapafu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi.

Zebaki na sufuria

Baada ya vumbi huja zebaki. Unga wa mawe huoshwa kwa maji juu ya ubao uliotandikwa magunia, na kilicho kizito hunasa. Magunia hukung'utwa kwenye karai, zebaki humiminwa, na mkono husugua hadi zebaki ishike dhahabu na kuwa donge. Donge huchomwa. Zebaki huondoka kwa mvuke na dhahabu hubaki.

Kwenye eneo la wazi mvuke huo ni hatari. Ndani ya nyumba, au kwenye jiko la mkaa nyuma ya nyumba, ni hatari zaidi, kwa sababu hauna harufu, na ukipoa hurudi kuwa matone madogo yanayokaa kwenye kuta, paa, godoro na nguo. Anayechoma huuvuta, na aliyelala chumba cha pili huuvuta pia. Zebaki hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mtu mzima anaweza kuanza kutetemeka mikono, kusahau, kukosa usingizi na kuwa na hasira zisizoeleweka. Kwa mjamzito, zebaki huweza kuvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto ambaye ubongo wake ndiyo kwanza unajengwa.

Mkataba wa kimataifa ulichukua jina la Minamata kwa sababu ya msiba uliogunduliwa mwaka 1956 katika mji huo wa Japani. Kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini, samaki wakaibeba, watu wakala samaki. Baadhi ya akina mama waliokuwa na dalili chache walizaa watoto wenye ulemavu mkubwa. Ndiyo maana tope la zebaki halipaswi kufika mtoni wala ziwani.

Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto kwenye machimbo madogo ya dhahabu ya Chunya, Geita na Kahama. Ilieleza watoto walioshuka mashimoni, waliobeba mawe na waliochanganya na kuchoma zebaki, wengine majumbani. Kwa hiyo hatari ya nyumbani si jambo la kubuni. Ni jambo lililokwisha kuonekana Tanzania, na kila amri inayofunga duara bila kuonyesha mahali pengine halali pa kuchenjulia inaweza kuliongeza.

Dawa zinazoachwa njiani

Yapo madhara mengine yasiyotajwa kwenye tangazo la kufunga. Matibabu ya kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi sita na hutolewa bure kwenye vituo vya serikali. Mchimbaji aliyeanza dawa mwezi wa pili akaondoka ghafla kufuata rashi huacha faili lake kwenye zahanati na kikohozi chake hukipeleka kambi mpya. Dawa zikikatizwa, vijidudu huweza kuwa sugu, na tiba ya kifua kikuu sugu ni nzito zaidi kwa mgonjwa na kwa familia. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya Virusi vya Ukimwi naye hukumbana na hali hiyo hiyo.

Uhamisho upo. Mgonjwa akisema anaondoka, kituo humwandikia barua na kumwelekeza kwingine. Lakini anayeondoka usiku kwa kuhofia kukamatwa hapiti zahanati kuaga.

Kliniki ya mtoto nayo huyumba. Kwa sera ya Serikali, mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano hawatozwi katika vituo vya umma, na chanjo ni bure. Kinachokosekana ni nauli na siku. Mama aliyebaki peke yake na palizi huahirisha mara ya kwanza, kisha ya pili, na mstari wa uzito kwenye kadi hubaki na pengo pale pale ulipohitajika zaidi.

Kinachowezekana

Mambo mengine yamebadilika kwa manufaa. Mwaka 2019, baada ya wachimbaji wadogo kukutana na Rais John Magufuli Januari mwaka huo, Serikali iliwafutia kodi ya zuio ya asilimia 5 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mwaka huo huo yalianza kufunguliwa masoko ya madini, ambako dhahabu hupimwa na kuuzwa mbele ya maofisa. Mchimbaji mwenye karatasi ana sababu ya kwenda huko. Anayeosha marudio uani hana karatasi, kwa hiyo huuza kwa anayepita, kwa bei ya anayepita.

Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina vituo vya mfano vya kuchenjulia dhahabu bila zebaki huko Lwamgasa na Katente mkoani Geita, na Itumbi wilayani Chunya. Vyote viko nje ya Katavi, lakini vinaonyesha kwamba inawezekana: mawe yanapelekwa sehemu moja, mbali na nyumba, penye maji yanayodhibitiwa, na mama harudi nyumbani na zebaki kwenye kanga.

Kutokana na hayo, amri ya kusimamisha machimbo inaweza kuandamana na mambo matatu yasiyohitaji bajeti kubwa. Itangazwe mapema panapokuwa hakuna hatari ya papo hapo, ili kaya ijipange na mgonjwa achukue barua ya uhamisho. Itaje mahali ambapo mawe yaliyokwisha kutolewa yanaweza kupelekwa kihalali. Na ieleze nini kifanyike ili kazi irudi: kama tatizo ni leseni, wachimbaji waelekezwe kujiunga kikundi na kuomba, kama ni kuta za duara, waambiwe zirekebishwe vipi.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Akina mama wanaoponda mawe ni wanakijiji, na wana haki ya kuuliza hayo mbele ya mwenyekiti na mtendaji.

Kwa mzazi, wakati duara limefungwa

Mengine hayahitaji kusubiri mkutano.

Usiruhusu mawe kupondwa uani. Kama hakuna njia nyingine kwa sasa, fanyia mbali na nyumba, upande ambao upepo hauelekei makazi. Lowesha mawe kwa maji kabla ya kuponda ili vumbi lipungue, na watoto wasiwepo. Vumbi lililoingia ndani lideki kwa kitambaa chenye maji. Kufagia likiwa kavu hulirusha upya.

Nguo za kazi zisilale chumbani. Zivuliwe nje, zifuliwe peke yake, na mwenye nazo aoge kabla ya kumbeba mtoto.

Mashine ya kusagia mahindi isisage jiwe hata siku moja. Sufuria, kikaango au kijiko kilichochomea zebaki kisirudi jikoni. Kusugua kwa majivu hakukisafishi.

Zebaki isichomwe ndani, na isihifadhiwe kwenye chupa ya soda au ya dawa ambayo mtoto anaweza kuinywa. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasiiguse wala kusimama karibu inapochomwa. Anayechoma mwenyewe, mbali na makazi, atumie retoti, chombo kilichofunikwa chenye bomba linalopoza mvuke na kuirudisha zebaki. Hupunguza hatari, haiondoi.

Maziwa hayaondoi zebaki wala risasi mwilini, ingawa yanabaki kuwa chakula kizuri. Mama aliyewahi kugusa zebaki asiache kunyonyesha kwa hofu. Aache kazi hiyo na amweleze mhudumu wa kliniki.

Mtoto akipata degedege, kutapika kusikoisha au tumbo kuuma mara kwa mara, mpeleke kituo cha afya, na mweleze mganga kwamba nyumbani mnaponda mawe. Bila maelezo hayo atatafuta malaria peke yake.

Anayetumia dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali asiondoke bila barua ya uhamisho, hata kama safari ni ya kesho alfajiri. Na kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe.

Chakula kikipungua, kipungue mwisho kwa aliye chini ya miaka miwili na kwa mjamzito. Kiganja cha karanga zilizosagwa kwenye uji, dagaa wachache waliotwangwa au majani ya maboga kutoka shambani hugharimu kidogo na hufanya kazi kubwa.

Wiki ya kwanza ya Februari mahindi mabichi huanza kuonekana shambani, na kaya nyingi hupumua. Baba anaweza kuwa amerudi, au ametuma chochote kwa simu. Duara linaweza kuwa limefunguliwa, au bado. Kabla ya kurudi kwenye mawe, mama ana jambo moja la kumalizia: kuchukua kadi ya kliniki iliyofungwa kwenye kanga juu ya kabati, kuangalia tarehe iliyopita, na kumpeleka mtoto kupimwa uzito.